Boti ya Msaada Imevuja: Je, Nani Ataiziba?

Usiku ule tulikuwa watu saba botini, wanane ukimhesabu ambaye hakuwa amezaliwa. Tulikuwa tukimkimbiza mja mzito kutoka kisiwani Pate kwenda hospitali Lamu. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alasiri, na muuguzi wa zahanati alitwambia tusingoje kuche. Maji yalikuwa yamejaa, kwa hivyo nahodha akafuata njia ya Mkanda, katikati ya mikoko, ambayo maji yakitoka haipitiki. Hatujafika nusu ya mkondo, nikahisi miguu imelowa. Nikadhani ni wimbi limerukia ndani. Kisha nikakumbuka kwamba Mkanda hauna mawimbi.

Nahodha alipomulika kurunzi, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo. Mama mkwe wa yule mja mzito hakusema neno. Aliumwaga uji aliokuwa amembebea mkaza mwana wake, akaishika sufuria, akaanza kuyatoa maji. Tukapokezana sufuria ile moja hadi gatini Lamu. Alhamdulillahi, tulifika salama, na mtoto yule leo anatambaa.

Boti ile ni ya alumini. Sufuria ile pia ni ya alumini. Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza: mbona sufuria ikitoboka tuna wa kumpelekea, na boti ikitoboka hatuna?

Msimu wa kukabidhi boti

Nayaandika haya sasa kwa sababu tunaelekea uchaguzi wa 2027, na kila anayesoma safu hii anajua kinachokuja. Boti zitaletwa. Nyingine zitatoka serikalini, nyingine kwa wafadhili, nyingine kwa wanasiasa wanaotaka kukumbukwa siku ya kura. Utepe utakatwa, picha zitapigwa, hotuba za uchumi wa bahari zitasomwa, na wazee wataombwa wapige dua. Hakuna ubaya. Mvuvi wa mtumbwi akipewa boti yenye mashine atafika mahali ambapo kasia haliwezi kumfikisha.

Lakini sisi wa Lamu tuna sababu ya ziada ya kuliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya madhara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na wavuvi zaidi ya 4,000 wakapewa haki ya fidia ya shilingi bilioni 1.76. Katika mazungumzo yaliyofuata, ikakubaliwa kwamba sehemu ya fidia hiyo ilipwe taslimu na sehemu iwe vifaa na miradi. Maana yake ni kwamba kwetu boti si zawadi kila mara. Mara nyingine boti ni deni linalolipwa, ni badala ya bahari tuliyokuwa tukiivua na sasa tunaipita mbali. Mtu akilipwa kwa kitu ambacho kikiharibika hakitengenezeki, amelipwa nusu.

Kwa hivyo naomba nikueleze, msomaji, yaliyotupata sisi na boti moja. Si kwa ajili ya kumtia mtu aibu, na ndiyo maana mradi uliotupa boti ile sitautaja jina. Nataka yule atakayepewa boti mwaka huu au ujao ajue cha kuuliza kabla hajatia sahihi.

Tulivyoiharibu kwa kuitengeneza

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha wavuvi. Boti ilipoletwa, mwaka wa kwanza tuliisifu sana. Alumini ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi moja ya chuma, kwa hivyo boti ilikuwa ikiruka juu ya maji na mafuta yalikuwa hayaliwi ovyo. Tuliivulia, tuliibebea mizigo, na usiku ilikuwa ndiyo ambulensi yetu.

Mwaka wa pili nahodha akaanza kulalamika. "Katibu, boti imekuwa mvivu," aliniambia. Tukailaumu mashine. Tukamwita fundi wa mashine, akabadilisha plagi, akasafisha kabureta, tukamlipa, na boti ikabaki vilevile. Kumbe maji yalikuwa chini ya sakafu, yameingia kwenye sponji iliyowekwa huko ili boti ielee hata ikijaa maji. Sponji ilikuwa imeyanywa na haiyatoi. Debe moja la lita 20 ni kilo 20 na ushei. Madebe kumi chini ya sakafu ni watu watatu wazima mnaosafiri nao kila siku bila kuwaona wala kuwatoza nauli.

Tulipogundua ni kuvuja, tulifanya walivyofanya baba zetu. Tulimwita fundi wa vyombo, mzee aliyeshika patasi tangu ujana wake. Akaizunguka boti mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema, "Mwanangu, mbao ikinywa maji huvimba, ikaibana pamba. Hiki chako hakinywi." Tulimsihi ajaribu. Akakalafati mapengo kwa pamba na mafuta ya sifa kama anavyofanya kwenye jahazi, kazi safi kabisa. Ilishika siku tatu.

Kisha mmoja wetu akapendekeza tuipake chini chokaa na mafuta kama tunavyopaka majahazi. Tukapaka. Mwingine akasema hayo ni mambo ya zamani, akaagiza kutoka Mombasa mkebe wa rangi nyekundu ya kuzuia chaza na mwani. Tukapaka tena, juu ya ile ya kwanza. Boti ilipendeza, na ikazidi kuvuja.

Mwisho tukaenda kwa kijana anayechomelea milango na madirisha. Ni fundi mzuri, geti la msikiti wetu ni kazi yake. Akatia moto kwenye tundu dogo lisiloingia hata sindano. Kufumba na kufumbua, tundu likawa la kupita sarafu ya shilingi kumi. Alishtuka kuliko sisi. Akazima mashine yake na akakataa malipo.

Boti ilikuwa ikitwambia nini

Mtoto wa ami yangu amefanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana ya boti Dubai. Nilimtumia picha kwenye simu, naye usiku huohuo akanipigia simu ya video. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Kaka, mwatafuta tundu kutoka upande usio wake. Itoeni majini, ikaukeni vizuri, kisha tieni maji ndani muone yatokea wapi."

Mwaka mzima tulikuwa tukiinama ndani ya boti kutafuta maji yanapoingilia, na maji yakishaingia huenea kila mahali, huwezi kujua yametoka wapi. Tukaipandisha juu ya magogo, tukang'oa sakafu, tukatoa sponji iliyokuwa nzito kama maiti. Tukatia maji kidogo kidogo, si ya kujaza, kwa sababu uzito wa maji mengi boti ikiwa nchi kavu waweza kuipinda. Vijana wakalala chini wakiwa na chaki, wakitia alama kila penye tone. Alama zilikuwa kumi na tisa.

Alama hizo zilikuwa za namna tatu, na kila namna ilikuwa na kisa chake.

Nyingi zilikuwa kwenye riveti za karibu na mkuku. Maji yakitoka, sisi huiburura boti juu ya mawe na mchanga hadi tuikute bahari. Jahazi la mbao nene hustahimili mburuzo. Bamba jembamba hupigwa, riveti zinalegea moja baada ya nyingine, na kila iliyolegea hupitisha tone. Tone moja si kitu, lakini haba na haba hujaza kibaba.

Alama ya pili ilikuwa ufa kwenye tezi, pale mashine inapofungwa, wa urefu wa kidole. Mashine hutikisa kila safari, na alumini ikipindwa huku na huku muda mrefu huchoka kama waya unaoukunja mara nyingi hadi ukatike.

Namna ya tatu ndiyo iliyotufunza zaidi. Ilikuwa vitundu vidogo kama vya sindano, vimezungukwa na unga mweupe. Chini ya sakafu, karibu na vitundu hivyo, tulikuta kipande cha waya wa shaba ambacho fundi fulani alikisahau alipokuwa akifunga taa. Chukua metali mbili tofauti, ziguse pamoja, zitie maji ya chumvi: umetengeneza betri. Na betri ikifanya kazi, lazima kuna kinacholiwa. Kati ya shaba na alumini, inayoliwa ni alumini. Ile rangi nyekundu tuliyoinunua kwa fedha yetu? Rangi nyingi za namna hiyo zina shaba ndani yake, ndiyo inayoua chaza. Tulikuwa tumeivisha boti nzima nguo ya kuila. Na chokaa tuliyoitanguliza haikuwa afadhali, kwa sababu alumini na chokaa mbichi haviishi pamoja.

Lakini waliounda boti walilijua hilo. Walifunga chini yake kipande cha zinki, makusudi kiliwe chenyewe badala ya boti, na kikiisha kiwekwe kingine. Chetu kilikuwa kimeliwa hadi kubaki bolti. Hakuna aliyetwambia kazi yake. Mwenzetu mmoja alikuwa akidhani ni uzani wa kusawazisha.

Na kijana wa milango naye hakukosea kwa uzembe. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, lakini ngozi nyembamba inayoifunika, ambayo hujiunda yenyewe ikiguswa na hewa, haiyeyuki hadi ipite nyuzi 2,000. Unapopambana na ngozi, ndani kumeshakuwa maji. Tena alumini haibadiliki rangi ikipata moto kama chuma kinavyokuwa chekundu kikamwonya fundi. Kuichomelea kwataka mashine ya namna yake, gesi ya agoni ya kufukuza hewa, na burashi ya waya isiyowahi kuguswa na chuma kingine. Mashine ya milango haiwezi, hata ikiwa mikononi mwa fundi hodari.

Tundu la kuzuia maji

Binamu yangu akasema hatuhitaji agoni kwa kila kitu. Riveti zilizolegea zilihitaji watu wawili tu, mmoja nje ameshikilia chuma kizito dhidi ya kichwa cha riveti, mwingine ndani na nyundo. Zilizoshindikana tulizing'oa, tukatia kubwa kidogo, za alumini, zilizozibwa upande mmoja, zikiwa zimepakwa gundi ya baharini.

Kwenye ufa akatutaka tutoboe tundu dogo kwa drili mwisho wa ufa. Mzee fundi, ambaye hakuacha kuja kututazama hata siku moja, akaruka. "Boti yavuja, nanyi mwataka kuitoboa?" Binamu yangu akamweleza kwenye simu kwamba ufa ni kama tanga linalochanika, na tundu la mviringo huuzuia usiendelee. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaichukua drili mwenyewe. Tundu lake lilikuwa zuri kuliko ambalo yeyote kati yetu angelitoboa. Juu yake tukaweka bamba la alumini, gundi katikati, riveti pande zote. Vitundu vya sindano vilivyopenya tukaviziba kwa bamba vilevile.

Rangi yote tukaikwangua kwa mikono, kazi iliyotuchosha kuliko zote. Tukapaka isiyo na shaba, tukafunga zinki mpya, tukaweka vipande vya plastiki kati ya bolti za stenlesi na bamba ili visigusane. Kisha tukatia maji ndani kwa mara ya pili na kungoja, vijana wamelala chini na chaki zao. Hakuna aliyeitumia.

Siku sita. Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe. Mimi ndiye niliyeandika daftari la fedha, na nasema wazi: gharama ya kuitengeneza sawasawa haikufikia ile tuliyoitumia kuiharibu.

Hata hivyo ule ufa wa tezi haujapona kabisa. Binamu yangu anasema mahali panapotikiswa na mashine pataka kuchomelewa kwa agoni siku moja. Mombasa mafundi wa kazi hiyo wapo, wengi wao wanachomelea rejeta na vifuniko vya injini za magari. Hapa visiwani sikumpata hata mmoja. Kumpelekea boti yetu ni kuipandisha lori Mokowe na kuisafirisha zaidi ya kilomita 300, kisha kuirudisha.

Tatizo si alumini

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu kisa cha boti yetu ni kisa cha mambo mengi Pwani: jenereta, pampu za visima, majokofu ya samaki, mitambo ya barafu. Vinakuja vizima na vinakufa kwa kitu kidogo.

Jahazi la Matondoni linaishi muda mrefu, na siri yake haiko kwenye mbao peke yake. Fundi wake anaishi hapohapo, na alijifunza kwa baba yake. Vifaa vyake, pamba, misumari na mafuta, vinapatikana. Na mwenye chombo ni mtu anayejulikana, akisema "ziba", linazibwa. Fundi, vifaa, mwenyewe: ondoa kimoja katika hivyo vitatu na chombo chochote kitaoza, kiwe cha mbao, faiba au dhahabu. Boti ya msaada mara nyingi huja ikiwa imekosa vyote vitatu kwa pamoja.

La mwenyewe ndilo linaloniuma zaidi mimi katibu. Kabla ya kutoboa riveti, nilisema nitafute ruhusa ili nisivunje makubaliano. Nikaitoa ile karatasi tuliyoitia sahihi siku ya utepe. Imeandikwa kwamba chombo kitabaki mali ya mradi hadi kikundi kikabidhiwe rasmi. Mradi ulimaliza muda wake na afisi ikafungwa, na kukabidhiwa huko rasmi hakukufanyika. Kwa hivyo kisheria hapakuwa na mtu wa kusema "ndiyo, itengenezeni". Tuliitengeneza bila ruhusa. Nikishtakiwa kwa kosa la kuziba boti inayovuja, nitakwenda kortini Lamu kwa boti hiyohiyo.

Kuhusu fedha, tuiangalie sheria. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo. Ni sheria nzuri, bila hiyo fedha zote zingeishia kwenye mishahara na safari. Lakini tazama inavyofanya kazi gatini. Kununua boti mpya huhesabiwa maendeleo. Kuiziba boti ya zamani huingia kwenye matumizi ya kawaida, ambako inagombania shilingi na mishahara, posho na mafuta ya magari. Anayenunua anapigwa picha. Anayeziba hapigwi picha, na mwisho wa mwaka hana cha kuonyesha isipokuwa kwamba hakuna aliyezama. Tusishangae basi fukwe zetu zikiwa na boti mpya na boti zilizokufa, bila za katikati.

Kuhusu fundi, Katiba imetupa jibu ila hatujalitumia. Jedwali la Nne linaziachia kaunti shughuli za uvuvi, feri na bandari ndogo, na linaziachia kaunti hizohizo vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ileile inayopokea boti ndiyo inayoendesha darasa ambamo kijana anafunzwa kuchomelea milango. Kati ya idara hizo mbili hapana bahari ya kuvuka, ni ukumbi tu. Mashine moja ya agoni na mwalimu mmoja katika chuo kimoja cha kila kaunti ya Pwani ni gharama ndogo ukiilinganisha na boti zinazolala mchangani.

Je, turudi kwenye mbao?

Wako watakaosema dawa ni kuachana na boti hizi tushike jahazi na mashua zetu. Naipenda mashua, na mzee wetu fundi simbadilishi kwa mtu. Lakini mbao nazo zimekuwa adimu na ghali, na tangu marufuku ya kukata miti ya 2018 kila fundi Lamu ana kisa chake cha kutafuta taruma na kulikosa. Hatuwezi kuwaambia vijana wangoje mti ukue.

Tena si kweli kwamba fundi wa mbao hawezi kitu kipya. Hapahapa Lamu ilijengwa FlipFlopi, dau la plastiki iliyookotwa kwenye fukwe, kazi iliyoongozwa na fundi Ali Skanda. Lilishushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki haikuwa mbao, haikuwa na desturi yoyote ya kurithi, na mafundi waliijifunza kwa sababu walikuwapo tangu siku ya kwanza, kabla ubao wa kwanza wa plastiki haujakatwa. Mzee wetu alishika drili ya alumini kwa dakika tano akaielewa. Alichokosa miaka yote ile ni mtu wa kumweleza. Akili na mikono anavyo.

Kwa hivyo, kabla hujatia sahihi

Ushauri wangu kwa vikundi vya Vanga, Gazi, Kilifi, Ngomeni, Kipini, Faza na kwingineko ni mfupi. Ukiletewa boti, shukuru, kisha uliza maswali matatu mbele ya watu, kipaza sauti kikiwa wazi.

Kwanza, uliza nani kati yetu amefunzwa kuitengeneza. Kabla ya utepe kukatwa, fundi mmoja mzee na vijana wawili wafunzwe, waachiwe kitabu cha maelezo kwa Kiswahili, waambiwe kipande cha zinki ni cha nini na rangi gani ni sumu.

Pili, uliza sanduku la vifaa liko wapi. Riveti, gundi, mabamba, zinki za miaka mitatu. Ni sanduku moja, linaingia chini ya kiti cha nahodha. Jaketi za kujiokolea zisikosekane.

Tatu, uliza boti hii ni ya nani kuanzia leo. Karatasi ya umiliki itiwe sahihi siku ileile. Kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kukiziba.

Na kwa wale wanaosema haya ni mambo ya wakubwa, kumbukeni kwamba makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai ni lazima wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo hufanyika, na mara nyingi viti viko vitupu kwa sababu sisi tuko baharini. Mwaka huu kikundi chetu kimekubaliana watu wawili wasivue siku hiyo. Tutaomba kitu kimoja tu: fungu la kutengeneza vyombo vilivyopo, liandikwe kwa jina lake, liwe na tarakimu yake. Hatutaomba boti mpya.

Nasi wenyewe tusijitoe kwenye lawama. Tuliipanda boti mwaka mzima bila kuifungua sakafu. Sasa tuna mkebe wa fedha, kila safari inatoa kidogo, na tuna daftari linaloeleza lini boti ilitolewa majini na nani aliikagua. Kila bamvua inapandishwa ikaguliwe. Na hatuiburuzi tena kwenye mawe, tumekata magogo ya kuiviringishia.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngamani ndiko yanakokusanyika maji ya kila uzembe, wa mtoaji na wa mpokeaji.

Majuzi nilikutana na yule mama mkwe gatini, amempakata mjukuu. Nikamwambia boti imepona, apande bila wasiwasi. Akaniangalia, akacheka. "Nitapanda, mwanangu," akasema. "Lakini sufuria yangu naja nayo."